Mpira wa Rangi ya Chungwa

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Mabela,
nyuma ya kiwanda cha matofali.
Gari la Dadkarim linasema nyuzi thelathini na nne
na jua bado halijanawa uso.
"Kupasha viungo moto ya nini," anasema Zahoro,
"Julai imeshatupashia."

Kituo cha kwanza ni gunia la mchele,
cha pili kipande cha zulia kutoka kwa akina Humudi,
cha tatu kifuniko cha ndoo ya rangi,
na nyumbani, pale pa kurudia,
ni kigae cheupe kilichobaki tulipotengeneza udhuio wa msikiti.
Nyumbani.
Humudi akilitamka neno hilo hujui
anakusudia Ibra alikozikwa babu yake,
Ng'ambo alikozikwa kitovu chake,
au kile kigae.

Mchezo wenyewe alituachia Rodelio, fundi wa pampu,
Mfilipino wa miaka ishirini na miwili hapa
na Kiswahili cha kuokota kwenye mabaraza yetu.
Siku ya kuondoka alifungua sanduku:
glavu tisa, ngozi imepasuka kama visigino,
na gongo.
"La mti, jamani, si lile la chupa,"
Zahoro hachoki na utani huu,
nasi hatuchoki kumcheka Zahoro.

Tuko kumi na wanne kama hakuna aliyelazwa.
Dadkarim ana betri kifuani.
Mimi nina goti linalotabiri mvua, na mvua hainyeshi.
Zahoro hupiga, ila kukimbia hukimbiliwa
na mjukuu wake Ilham, miaka kumi na mmoja,
baisa mia kwa kila kituo,
na deni halali.

Mdakaji wetu Sleyum.
Anachuchumaa nyuma ya kigae
magoti yakilia kama mlango wa stoo.
Mwaka jana mipira ilianza kumpita.
Ule wa kwanza alisema vumbi.
Wa pili ukamgonga kifua,
akasema alikuwa akiwaza harusi ya binti yake.
Binti yake ana watoto watatu.
Hakuna aliyecheka.

Ijumaa iliyofuata Humudi akaja na mpira
kaupaka rangi ya chungwa, ile ya koni za barabarani.
"Mipira myeupe imekwisha dukani,"
uongo wa mtu mzima, hauna kichwa wala mkia.
Dadkarim akageuza gari, akawasha taa kubwa,
eti injini haipendi kulala.
Nami mrushaji nikaanza kupiga kelele kabla ya kurusha,
"Haya, unakuja!" kama muuza samaki,
nikasema ndio mtindo wa siku hizi.
Hatukufanya kikao.
Hata kwenye simu hatukuandikiana.

Leo tumemaliza kumi na moja kwa tisa,
au tisa kwa kumi na moja,
Humudi na Zahoro bado wanagombania lile zulia.
Tumekaa juu ya matofali yasiyo na mnunuzi,
kahawa inapita, halua imenata kwenye glavu.
Sleyum kaushika mpira, anaugeuza, anaunusa.

"Humudi. Rangi yako inatoka.
Umeshanichafulia kanzu tatu.
Mke wangu ananiuliza ni mwanamke gani huyo
anayepaka hina ya machungwa."

Tunacheka mpaka Dadkarim anajishika betri yake.

"Ukipaka tena," anasema Sleyum, taratibu,
"paka ya mafuta.
Na wewe mrushaji, punguza kelele.
Macho ndiyo yanayokufa, masikio yangu mazima."

Kimya. Ilham anahesabu sarafu zake.
Zahoro anatafuta utani, safari hii haupati.

Mkono wa Sleyum unakitafuta kikombe juu ya tofali,
unapita kushoto, unarudi.
Nakisukuma kwa kidole kimoja,
kidogo,
mpaka kinagusa kucha zake.
"Haya, kinakuja," nasema, sauti ya chini.

"Nakiona," anajibu,
anatazama kwengine kabisa,
kule kwenye kigae.